Pikipiki Kuukuu: Kabla Hujalipa, Uliza Spea

Bumu likiingia, vijana wengi wa Konde tulioko vyuoni tunawaza kitu kimoja: chombo. Mpya haishikiki, basi jicho linahamia kwenye pikipiki kuukuu iliyoegeshwa chini ya mwembe, bei chee. Wapo wanaotembelea chombo cha miaka 20 bila tabu, na wapo waliouza cha kwao kwa kilo kabla mwaka haujesha. Mara nyingi kinachowatofautisha ni mambo mawili: spea na chumvi.

Tuanze na spea. Wengine wanaota zile pikipiki kubwa za safari ndefu, mfano Honda ST1100 iliyotoka mwaka 1990. Ni chombo cha heshima: silinda 4, injini inapozwa kwa maji, uzito unakaribia kilo 300, tangi lita 28. Imeundwa kwa mtu anayevuka nchi kwa siku moja. Pemba yetu ina urefu wa kilomita 67 hivi, kwa hiyo tangi moja lingekuzungusha Konde na Mkoani mpaka uchoke. Lakini pampu ya maji ikifa, fundi wa mtaani atafanya nini? Kipuri kinaagizwa nje, na wewe unarudi kugombea siti kwenye daladala.

Sasa itazame Honda CG125, iliyoanza mwaka 1976. Iliundwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki inabebeshwa mizigo na matunzo ni ya kubahatisha. Valvu zake zinaendeshwa kwa vijiti vya kusukuma, si kwa cheni ya ndani inayolegea na kutaka kukazwa. Inapozwa kwa upepo, kwa hiyo haina rejeta ya kuvuja. Baadaye viwanda vya China viliiga muundo huo, na bodaboda nyingi unazoziona leo zina injini ya ukoo huo. Umri wake si tatizo, maana spea zake bado zinatengenezwa na mafundi wanaijua kwa mikono.

La pili ni chumvi. Kisiwani upepo wa bahari unakula chuma kimyakimya. Kwa Vespa hili ni zito zaidi, kwa sababu haina fremu ya mabomba: bodi lenyewe la bati ndilo linalobeba kila kitu. Inua mpira wa kukanyagia, gonga bati chini yake. Likibonyea au likimwaga unga mwekundu, rangi mpya isikudanganye. Kwa pikipiki ya kawaida, chungulia chini ya tangi, kwenye viungio vya fremu na kwenye spoku.

Ukienda kukagua, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini: ikiwa ya moto, pengine anaficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa buluu kwenye injini ya stroki 4 ni dalili kwamba inakula oili. Vespa ya stroki 2 kutoa moshi kidogo ni kawaida, kwani petroli yake huchanganywa na oili. Kwa PX ni mililita 20 kwa kila lita. Meno ya sproketi yakijikunja kama ndoana, cheni na sproketi vyote vinataka kubadilishwa. Kwenye tairi tafuta tarakimu 4: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira uliozeeka hukakamaa, hata kama kashata bado zimesimama.

Halafu karatasi. Namba ya chasisi ifanane na iliyo kwenye kadi, na jina la kadi liwe la huyo anayepokea pesa zako. Vinginevyo, bwana, unanunua kesi.

Na ukishaipata, iendeshe kama kuukuu. Breki za ngoma hazikamati kama za disiki, kwa hiyo acha nafasi, hasa masika, na msimu wa karafuu watu wanapoanika kando ya barabara na watoto wanakatiza. Helmeti ivaliwe hata kama unakwenda Makangale tu.

Pesa yako usiimalize kwa muuzaji. Tenga fungu la tairi, viatu vya breki, cheni, plagi na oili, uvibadilishe wiki ya kwanza. Bei ukijumlisha na fungu hilo ikikushinda, subiri bumu lijalo.