Pitaya: Mpungate Unaokwea Miti

Wengi wetu tunaujua mpungate unaosimama wenyewe juani. Pitaya, au tunda la joka, ni ndugu yake kutoka Meksiko na Amerika ya Kati, ila wenyewe hukwea miti. Kitaalamu huitwa Selenicereus undatus.

Shina lake la kijani lina pembe tatu, na ndilo linalofanya kazi ya majani. Mizizi ya hewani hulishikiza kwenye mti bila kuunyonya mti huo. Vitundu vya kupumulia hufunguka usiku na kufungwa mchana, hivyo maji hayapotei ovyo. Ua jeupe, linaloweza kufikia sentimita 30, huchanua usiku mmoja tu, likachavushwa na popo na nondo, kisha hunyauka asubuhi.

Kwa hiyo kamati inayofikiria mradi wa pitaya ianze na nguzo imara, kwani mmea huzidi kuwa mzito kila mwaka. Udongo usituamishe maji, mizizi itaoza. Pasipo wachavushaji wa kutosha, watu wachavushe kwa mkono, usiku au alfajiri. Tupange gharama hizo kabla ya kununua miche.