Si Kiangazi Kinachoua, ni Haraka ya Kukauka

Kuanzia Desemba hadi mvua zirudi, mashamba ya Arua na Koboko, nchini Uganda, huonekana yamekufa. Lakini chimbua udongo mgumu, huenda ukamkuta nyungunyungu amejikunja fundo ndani ya kijichumba cha duara alichokisiriba kwa ute wake mwenyewe. Hali, hatembei, anangoja. Mchwa hushuka kwenye udongo wenye unyevu na kuupandisha kichuguuni. Hao wamejificha. Ajabu zaidi ni wale wanaokubali kukauka. Nematodi, viminyoo visivyoonekana kwa macho matupu, baadhi yao huachia karibu maji yote ya mwili na uhai ukasimama. Wengi wao hutengeneza sukari iitwayo trehalosi, inayoshika nafasi ya maji na kuzilinda seli zisibomoke. Jamaa yao katika ufundi huo ni buu wa Polypedilum vanderplanki, mdudu afananaye na mbu ila haumi, aishiye katika tope la vidimbwi vya miambani, Nigeria ya kaskazini na Uganda. Mwaka 1960 mwanasayansi Mwingereza Hinton aliandika kuhusu mabuu yaliyokaa makavu muda mrefu, yakatiwa maji, yakaamka.

Basi, atasema mtu, tuchome nyasi za shamba kiangazi tutakavyo, si viumbe hawa watafufuka? Hapana. Buu huyo akikauka polepole, kwa siku mbili hivi, hupata muda wa kutengeneza sukari yake. Akikaushwa kwa saa chache hufa. Nematodi waliojaribiwa maabarani walihitaji hivyohivyo: kwanza hewa yenye unyevu, ndipo ukavu. Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni mwendo wa kukauka kuliko urefu wa kiangazi, na mwendo huo mkulima anaweza kuugusa. Moto huondoa majani yaliyoukinga udongo, jua likaupiga uchi, tabaka la juu likakauka kabla wakazi wake hawajajiandaa. Wapo watakaopinga kwamba mabua yakiachwa shambani huita mchwa. Huwaita kweli, na hasara ya mchwa si ya kubeza. Hata hivyo mchwa wengi hupendelea vilivyokufa, na shamba lililofagiliwa huwaachia mahindi mabichi tu. Mazao nayo hutofautiana katika kuukinga udongo: ufuta na mtama huvunwa na kuliacha shamba wazi; mhogo hubaki ardhini kiangazi kizima, na majani yake hudondoka hapohapo, chini ya mashina.