Je, Paa Lako Limeota Ukoga?

Masika yanapokwisha, wenye nyumba hukagua kuta, hupaka chokaa, hubadili mapazia. Ni wachache wanaoinua macho kulitazama paa. Hata hivyo, ukipita katika mitaa ya zamani ya katikati ya Dar es Salaam, penye majengo ya vigae vyekundu, utaona juu yake madoa ya kijani, laini kama zulia, hasa upande usiopata jua. Huo ndio ukoga. Wengine huuita kuvumwani.

Mmea huu hauna mizizi ya kweli wala mbegu. Hujishika kwa nyuzi nyembamba, na huenea kwa vumbi jepesi lichukuliwalo na upepo. Kiangazi hunyauka ukadhani umekufa. Mvua moja tu, umefufuka. Hautafuni kigae, kama wengi wadhanivyo, bali hushika maji kama sifongo. Kigae hubaki kimelowa, maji hupenya maungioni, na mbao za paa huoza polepole juu ya vichwa vya watoto waliolala. Vipande vinavyobanduka huziba mifereji, na maji yatuamayo humo ni mazalio ya mbu. Wakazi wa jiji hili hawajasahau homa ya dengi ya mwaka 2014 na ile ya 2019.

Huko Kariakoo, nyumba za chini zilizosalia zimeezekwa kwa mabati. Ukoga hauyapendi mabati mapya, kwani zinki iliyopakwa juu yake ni sumu kwake. Lakini maghorofa yamezuia jua na upepo, na majani ya mikungu na miarobaini yakirundikana pale juu, bati halikauki. Hapo kutu hutangulia, ukoga hufuata.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu. Fundi akija na brashi ya waya, mwulize kwanza: paa hili ni la kitu gani? Baadhi ya nyumba za zamani zimeezekwa kwa mabamba ya kijivu ya saruji iliyochanganywa na asbestosi. Ni mazito, na mvua haivumi juu yake kama juu ya bati. Ukoga huyapenda sana. Ukiyakwangua, unarusha hewani nyuzi zisizoonekana kwa macho. Zikivutwa pumzi hukaa mapafuni, na saratani yaweza kujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi. Shirika la Afya Duniani limesema aina zote za asbestosi husababisha saratani. Paa la namna hiyo lisikwanguliwe, lisitobolewe, wala lisipigwe maji ya nguvu. Mwenye nyumba na awatafute watu wenye ujuzi na vifaa, hata kama gharama ni kubwa. Fedha ni zake, lakini mapafu ni ya mpangaji.

Kwa vigae vya udongo kazi ni nyepesi. Chagua siku kavu kati ya Julai na Septemba, kabla ya vuli, asubuhi jua halijawa kali. Kwanza chomoa bomba liingizalo maji ya paa katika tangi. Laza ubao wa kukanyagia juu ya vigae, na aliye juu afungwe kamba. Ondoa ukoga mnene kwa mkono au kipande cha mti, ukishuka toka juu kwenda chini, ili usivinyanyue vigae. Kisha nyunyizia dawa ya klorini ya kufulia, nusu kwa nusu na maji. Ngoja robo saa, suuza kwa maji mengi yasiyo na nguvu. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu. Tena isikauke juu ya bati, huleta kutu.

Tangi lisirudishiwe bomba mpaka mvua kubwa ya kwanza imepita na kulisafisha paa. Na lile tawi la mkungu lililolala juu ya paa, likatwe siku hiyo hiyo, ngazi ikiwa bado imesimama.