Usiache matokeo yalale kwenye rejista

Ikiwa wewe ni muuguzi au tabibu katika zahanati ya Kakamega, unaona mengi ambayo mtafiti wa Nairobi hayaoni. Njia moja ya kuyafikisha kwa wengine ni kutuma muhtasari kwa kongamano la matibabu, kwa mfano lile la kila mwaka la KEMRI.

Muhtasari huwa na maneno kama 250 au 300: kwa nini ulichunguza, ulichunguza vipi, ulipata nini, na kuna maana gani. Wanaoukagua hawaioni rejista yako, wanaona karatasi hiyo tu. Kwa hivyo usiandike "matokeo yatajadiliwa". Huko ni kumwita mgeni mezani bila ugali. Tuseme uliwapima watoto 200 wenye homa, 50 wakapatikana na malaria. Andika 50 kati ya 200, asilimia 25, na utaje miezi, maana mvua hubadilisha hesabu. Watafiti wa mbu kule Iguhu, karibu na msitu wa Kakamega, waligundua kwamba pale miti ilipokatwa nyumba zina joto zaidi, hivyo mbu humeng'enya damu upesi na kurudi kuuma mapema. Hilo ni tokeo, nalo limetosha katika sentensi moja.

Kibali cha kamati ya maadili kiombwe kabla ya kazi kuanza. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kina kamati yake papa hapa mjini. Jina la mgonjwa lisionekane. Hata umri pamoja na kijiji vyatosha majirani kumtambua.