Mwili mkutanoni, akili sokoni: Kwa nini mikutano ya mtandaoni hutuponyoka

Ilikuwa Jumanne asubuhi na mkutano ulikuwa umeingia dakika ya 40. Tulikuwa watu 14 kwenye skrini: wengi wao Nairobi, wawili Voi, mmoja Lamu, nami nyumbani kwangu Kisauni, kipakatalishi mezani na kikombe cha chai ya tangawizi kando. Mkononi nilikuwa na simu, nikisoma ujumbe wa dadangu kuhusu mchango wa harusi ya binamu yetu. Ghafla nikasikia jina langu, kisha kimya. Nikafungua kipaza sauti nikasema, "Naam, hakuna tatizo, nakubaliana." Mwenyekiti akanishukuru, mkutano ukaendelea.

Nilichokubali sikukijua mpaka Ijumaa. Kazi yetu ni kupokea fomu za wanafunzi wa Pwani wanaoomba msaada wa karo ya sekondari, na orodha ya Kwale ilikuwa mikononi mwangu. Siku ile niliulizwa kama ningeweza kuiwasilisha Alhamisi badala ya Jumatatu iliyofuata, kwa sababu muda wa malipo ulikuwa umefupishwa. Nikasema naam. Alhamisi ikaja ikapita nami nimetulia. Majina tisa yakakosa awamu ya kwanza ya malipo, na awamu ya pili ikachukua wiki tano.

Watoto watatu kati ya hao tisa walirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Bibi anayemlea mmoja wao, upande wa Lunga Lunga, alinipigia simu akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ile fomu niliyokupa ilipotea?"

Fomu haikupotea. Iliyopotea ilikuwa akili yangu, tena kwa dakika mbili tu.

Tangu siku hiyo nimejitahidi kuelewa kwa nini mtu mzima, mwenye kazi anayoipenda, hushindwa kusikiliza wenzake kwa saa moja. Nimezungumza na wenzangu wa kazini, nimesoma nilichoweza kusoma, na nimejaribu mambo kadhaa. Nayaandika hapa kwa sababu najua siko peke yangu. Siku hizi Pwani nzima kuna walimu, wahasibu, wafasiri, maafisa wa mashirika na vijana wa kazi za mtandaoni wanaokaa mbele ya skrini, vichwa vinaitikia, na akili ziko Kongowea zikitafuta bei ya nyanya.

Sikio hulijua jina

Nianze na lile lililonishangaza zaidi: ikiwa sikuwa nasikiliza, nililisikiaje jina langu?

Mwaka 1959 mwanasaikolojia Neville Moray alifanya jaribio ambalo bado husomeshwa vyuoni. Aliwavalisha watu vipokea sauti, kila sikio likipata maneno yake, akawaambia wafuatilie sikio moja tu. Maneno ya sikio la pili hayakuwaingia, hata yaliporudiwa mara nyingi. Lakini yalipotanguliwa na jina la msikilizaji mwenyewe, takriban theluthi moja ya watu waliyasikia.

Maana yake ni kwamba akili haizibi mlango kabisa. Humwacha bawabu mmoja nje, na bawabu huyo analijua jina lako. Mimi swali lilitangulia, jina likaja mwisho. Jina likaniamsha, lakini swali lilikuwa limeshapita. Nikabaki na uamuzi wa sekunde moja: nikiri kwamba sikusikia, au niitikie. Nikaitikia.

Skrini si baraza

Mikutano hii ilitujia kwa kasi. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Machi 13, 2020, na baada ya siku chache ofisi nyingi ziliwaambia watu wafanye kazi nyumbani. Kampuni ya Zoom ilisema washiriki wa mikutano yake kwa siku waliongezeka kutoka takriban milioni 10 Desemba 2019 hadi zaidi ya milioni 300 Aprili 2020. Sisi wa Mombasa njia ilikuwa imeshatandikwa: nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika hapa 2009, na EASSy ikafuata 2010. Mtandao tulikuwa nao. Adabu ya kuutumia kwa mazungumzo ndiyo hatukupewa muda wa kuijenga.

Fikiria baraza la nje ya nyumba, Mji wa Kale, baada ya Alasiri. Wazee wanakaa saa mbili na kahawa chungu na kashata, na mazungumzo hayakatiki. Anayesema anaona nyuso. Wanaosikiliza wanaitikia "enhe", "naam", "kisha?" Ukizubaa, jirani yako anakugusa goti. Sisemi watu hawasinzii wakikaa ana kwa ana. Nimeona watu wakikoroma chini ya mwembe kwenye baraza la chifu. Lakini pale kila kitu kinakuvuta urudi kwenye mazungumzo. Kwenye skrini mambo kadhaa yanakuvuta utoke.

La kwanza ni kuchelewa kwa sauti. Watafiti waliolinganisha lugha 10 za sehemu mbalimbali za dunia, katika utafiti uliochapishwa 2009, waliona kwamba mtu akiulizwa swali huanza kujibu, kwa wastani, baada ya takriban sehemu moja ya tano ya sekunde. Huo ni muda mfupi mno. Mtandaoni sauti inaweza kuchelewa kwa kiasi hicho au zaidi. Ndiyo maana watu wawili huanza kusema pamoja, wote wakanyamaza, wote wakasema "endelea wewe". Kila mara hilo likitokea uzi unakatika, na baada ya kukatika mara tano unaacha kuuunga.

La pili ni nyuso zenyewe. Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alichapisha makala 2021 akieleza sababu nne zinazoweza kuifanya mikutano ya video ichoshe. Nyuso zinakukodolea macho kwa karibu mno na kwa muda mrefu. Akili inafanya kazi ya ziada kutuma na kusoma ishara ambazo mkiwa chumba kimoja hazikugharimu chochote. Unajiona mwenyewe muda wote, kama mtu aliyewekewa kioo mbele yake kutwa nzima. Na mwili umefungwa ndani ya kisanduku cha kamera, huwezi hata kusimama ukajinyoosha. Nilipoisoma hiyo ya kioo nilicheka, kwa sababu nakumbuka mkutano mmoja ambao nilichosikia chote ni kwamba ukosi wa shati langu ulikuwa umepinda.

La tatu ni simu na madirisha mengine yaliyo wazi. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na wataalamu wamekuja kusema kama wao. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapoacha kazi moja kabla haijaisha akaenda nyingine, sehemu ya akili yake hubaki kwenye ile ya kwanza. Kwa hiyo nilipoinua macho kutoka kwenye ujumbe wa dadangu, sikurudi mkutanoni mara moja. Macho yalirudi. Mimi bado nilikuwa nahesabu mchango wa harusi.

La nne hatulisemi sana, nalo ni lugha. Mikutano yetu mingi huendeshwa kwa Kiingereza, hata pale wote waliopo wanajua Kiswahili. Nakijua Kiingereza vya kutosha kazini, lakini kukifuatilia kwa saa nzima, sauti ikikatika, kunanichosha kuliko mazungumzo ya Kiswahili ya muda uleule. Neno moja likinipita, navuta akili kulikisia, na wakati huo matatu mengine yameshapita.

Ongeza na nyumba yenyewe: joto la Februari, feni inayosimama stima ikipotea, bando linaloisha, mtoto anayeuliza viatu vyake viko wapi, na muuza samaki anayepita akinadi changu na tafi.

Yaliyonisaidia

Sikupata dawa ya siku moja. Haya machache yamenibadilisha.

Nimenunua daftari la shule la kurasa 96, na kila mkutano nauandika kwa kalamu. Ukurasa nauchora safu tatu: kilichosemwa, aliyekisema, na ninachotakiwa kufanya mimi. Siandiki kila neno. Lakini mkono ukiwa na kazi, akili haiendi mbali, na ikienda naona pengo kwenye ukurasa. Pengo lile ndilo linaloniambia niulize.

Simu naiacha chumba kingine. Si kifudifudi mezani, wala si mfukoni, chumba kingine. Dadangu anajua kwamba kama ni dharura atampigia mke wangu. Kwenye kipakatalishi nafunga kila kitu isipokuwa mkutano.

Picha yangu naificha. Programu nyingi za mikutano zina sehemu ya kukuwezesha usijione huku wenzako wakiendelea kukuona. Na pale ambapo kamera haihitajiki, naizima nikasimama au nikatembea barazani huku nikisikiliza.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya moja. Nimejifunza kusema, "Samahani, sikulisikia hilo, naomba ulirudie." Mara ya kwanza nilitokwa na jasho. Nilidhani wote watajua nilikuwa nimetoroka. Baada ya mkutano mwenzetu wa Voi akaniandikia: "Ahsante kwa kuuliza, hata mimi sikusikia."

Hapo ndipo nilipoona kosa langu hasa lilikuwa wapi. Akili ya binadamu hutangatanga. Hilo haliishi kwa nia njema wala kwa daftari. Ningeweza kusoma ujumbe wa dadangu, nikaitwa, nikaomba swali lirudiwe, na watoto wale tisa wasingekosa chochote. Kilichowaumiza ni lile "naam" nililolitoa ili nisiaibike. Niliulinda uso wangu mbele ya wenzangu, na gharama akailipa mtoto wa Lunga Lunga asiyejua hata kama kulikuwa na mkutano.

Kwa wanaoendesha mikutano

Wenyeviti nao wana sehemu yao. Taja jina kwanza, kisha uliza swali. Sema, "Bi Fulani, nakuja kwako," umpe sekunde mbili, ndipo uulize. Bawabu wa akili atakuwa ameshamwamsha mwenyewe.

Usimwite asiyehusika. Watu 14 wakikaa saa moja kusikiliza jambo la watu wanne, saa kumi za kazi zimemwagika, na hao kumi wamefundishwa kwamba mkutano ni mahali pa kufanya mambo mengine. Kama jambo linatosha kwa ujumbe wa maandishi, andika ujumbe.

Fupisha. Tulipopunguza mikutano yetu kutoka saa moja hadi nusu saa, hakuna kilichobaki bila kusemwa. Ruhusu Kiswahili pia, hasa pale wote wanapokielewa.

Na kabla ya kufunga, kila mtu aseme kwa kinywa chake atafanya nini na lini. Asisomewe, aseme mwenyewe. Dakika tatu zinatosha. Kama siku ile ningetakiwa kusema, "Mimi nitawasilisha orodha ya Kwale Alhamisi," ningekwama palepale, na kukwama kule kungewaokoa wale watoto.

Yule bibi nilimpigia tena baada ya siku mbili. Nilimweleza kwamba fomu yake ilikuwa salama, kwamba kuchelewa kulikuwa kosa langu na si la mjukuu wake wala la shule, na kwamba jina liko katika awamu ya pili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mwanangu, siku nyingine sikiliza." Katika mkutano uliofuata niliwaeleza wenzangu yaliyotokea, pamoja na ule ujumbe wa harusi. Mjukuu wake alirudi darasani wiki tano baadaye, akiwa na masomo ya wiki tano ya kunakili kutoka kwa wenzake.

Kwenye jalada la daftari langu nimeandika majina ya wale watoto tisa. Nalifungua kila Jumanne, kabla ya kuwasha kamera.