Komredi, Soma Jina Kwanza

Saa mbili kasorobo asubuhi. Komredi ametoka hosteli bila kunywa chai, na kwa mama wa chapati pale getini foleni tayari imefika barabarani. Chapati mbili na chai, analipa kwa simu huku akikimbilia darasa. Saa nne anachapisha kazi ya mhadhiri kwa duka la fotokopi. Saa saba ni ugali na madondo. Jioni mwakilishi wa darasa anaandika kwa grupu ya WhatsApp: "Watu wangu, pesa za noti, leo ndio mwisho." Kufikia usiku ametuma pesa mara tano, na hajasoma jina la mpokeaji hata mara moja.

Hapo ndipo tunataka tusimame kidogo. Ukishaweka nambari na kiasi, simu hukuonyesha jina la anayepokea kabla hujathibitisha. Sekunde hizo chache ndizo za mwisho pesa ikiwa bado yako.

Tunalijua hili kwa sababu lilitupata. Mmoja wetu hapa ofisini, wiki ya kuripoti mwaka wa kwanza huko Juja, aliona tangazo la bedsita limebandikwa kwa mlingoti wa stima. Akapiga simu. Akajibiwa na mzee mpole: "Kijana wangu, kuna watu watatu wanaitaka. Tuma depositi nikushikie." Jina lililotokea lilikuwa la mwanamke. Akauliza. "Ni mke wangu, laini yangu imefika kikomo."

Akatuma 6,000. Mama yake alikuwa ameuza mbuzi wawili kuzipata.

Jumamosi alifika na godoro mgongoni. Msimamizi wa ploti alimtazama kwa huruma tu. Alikuwa wa tatu wiki hiyo. Semista nzima alilala kwa kitanda cha rafiki hosteli, yaani pairati. Mama hajui hadi leo.

Kwa hivyo semista hii tunaomba mambo manne:

1. Usitume depositi ya nyumba ambayo hujaingia. Nenda, ongea na majirani, hakikisha unayemlipa ndiye mwenye nyumba au msimamizi, kisha ulipe ukiwa hapo hapo.

2. Jina lisipolingana na mtu unayeongea naye, simama. Nyumba ya kweli haikimbii ukiuliza swali.

3. Ukiuza simu au kiti kwa mwenzako, usiamini ujumbe alio nao kwa simu yake, wala ule uliokuja kwako kutoka nambari ngeni. Angalia salio lako mwenyewe. Na mtu akikuambia "nimekutumia kimakosa, nirudishie", usimrudishie mwenyewe. Mwambie aombe kurejeshewa kupitia huduma kwa wateja.

4. Ukikosea nambari, tupigie papo hapo, usingoje kesho. Pesa ikishatolewa na aliyeipokea, kuirudisha ni vigumu sana. Na hata tukiongea, hatutakuuliza PIN yako. Anayeiuliza si sisi.

Kama una mdogo wako anayeripoti mwaka huu, mtumie makala haya kabla hajapanda matatu. Huko kampasi atafundishwa mengi, lakini hili ni afadhali alijue akiwa bado nyumbani.

Semista njema, komredi.