Onyo la Tsunami na Sarufi Yake: Mfano wa Japani

Mwanafunzi wa lugha huzoea kudhani kwamba habari za matetemeko na mawimbi ni kazi ya wanajiolojia peke yao. Katika kurasa hizi chache twataka kuonyesha kwamba sehemu ya mwisho ya kazi hiyo, ile inayomfikia mvuvi na mama muuza samaki, ni kazi ya sarufi na msamiati. Mfano wetu ni Japani, nchi iliyowapa walimwengu neno lenyewe: tsu ni bandari, nami ni wimbi.

Nchini humo onyo hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa. Ardhi itetemekapo, mitambo hupima nguvu na mahali pa tetemeko, na kwa muda wa dakika tatu hivi tangazo huwa limefika redioni, katika televisheni na katika ofisi za miji, ambazo hulirudia kwa vipaza sauti vilivyosimikwa juu ya nguzo mitaani na bandarini. Tarehe 11 Machi 2011 utaratibu huo haukukawia. Ardhi ilitetemeka saa nane na dakika 46 mchana. Saa nane na dakika 49 onyo likatoka. Hata hivyo watu zaidi ya 18,000 walikufa au kupotea.

Sababu ni nyingi, lakini moja yatuhusu sisi: tarakimu. Tetemeko lililokuwa na nguvu ya 9.0 lilikadiriwa kwanza kuwa 7.9. Kwa hiyo tangazo la kwanza lilitaja mawimbi ya mita 6 katika mkoa wa Miyagi, na mita 3 tu katika Iwate na Fukushima. Mtu aishiye nyuma ya ukuta wa mita 10, akisikia mita 3, atakimbilia nini? Sahihisho lilitoka saa tisa na dakika 14, wakati ambapo umeme ulikuwa umekatika mahali pengi na wengi hawakulipata. Tena lilitangazwa kwamba wimbi la kwanza lililopimwa Ofunato lilikuwa la mita 0.2. Habari hiyo ilikuwa kweli tupu, nayo ilikuwa na madhara, kwa maana msikilizaji alielewa kwamba hatari imepita, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Tangu Machi 2013 Idara ilibadili maneno yake. Tetemeko likikadiriwa kupita nguvu ya 8, tangazo la kwanza halitaji mita. Husema tu kwamba wimbi ni kyodai, yaani kubwa mno, au ni refu. Mita hufuata baadaye, kipimo kikithibitika. Wimbi la kwanza likiwa dogo, husemwa kwamba bado linapimwa. Kwa maoni yetu hili ni jambo la kustaajabisha: wanasayansi kukubali kwamba kivumishi, katika dakika zile, chaweza kuwa cha kweli kuliko nambari.

Mabadiliko ya pili yaligusa kitenzi. Kijapani kina daraja nyingi za adabu, na matangazo ya serikali huomba: tafadhali hameni. Siku ile ya 2011 mji mdogo wa Oarai uliacha desturi hiyo, ukatumia vipaza sauti kutoa amri kavu, hinan seyo, ambayo katika maisha ya kila siku ingeonekana ufidhuli. Ukali wa umbo lenyewe uliwaambia wakazi kwamba siku hii si kama siku nyingine. Shirika la utangazaji la NHK nalo lilijifunza. Tarehe 1 Januari 2024, baada ya tetemeko la rasi ya Noto, mtangazaji wake wa kike alipaza sauti akiwaamuru watazamaji waache televisheni wakimbie sasa hivi.

Neno hinan lina kasoro nyingine: ni la kitabuni, lenye asili ya Kichina. Baada ya tetemeko la Kobe la 17 Januari 1995, ambapo wageni wengi hawakuelewa matangazo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Hirosaki walitunga Kijapani chepesi cha wakati wa maafa. Badala ya kusema “hamieni nyanda za juu”, husema “kimbilieni mahali palipo juu”.

Tukirudi kwetu, Kiswahili kinatupa swali gumu zaidi. Pwani ya Afrika Mashariki, maji kupwa ni habari njema: watu hushuka kutafuta pweza na chaza. Kumbe kabla ya tsunami bahari yaweza kupwa kupita kiasi. Tarehe 26 Desemba 2004, mawimbi yaliyotoka Sumatra yalichukua saa nyingi kuvuka bahari. Kenya ilipata nafasi ya kuwaondoa watu ufukweni, bali Tanzania ilipoteza watu wasiopungua 10. Anayetunga onyo kwa wasikilizaji hao hawezi kutumia kitenzi “kupwa” bila kukifuatishia mara moja katazo: msishuke.

Kongo haina hatari hiyo kubwa kwenye maziwa yake, lakini ina Nyiragongo. Tarehe 22 Mei 2021 volkeno hiyo ililipuka bila onyo rasmi, na tarehe 27 mkuu wa mkoa akaamuru sehemu kubwa ya Goma ihamwe. Lugha ya serikali ni Kifaransa, lugha ya sokoni Goma ni Kiswahili. Yeyote atakayeandika tangazo lijalo atalazimika kuchagua kati ya “wananchi wa kata zifuatazo wanaombwa kuhama kwa tahadhari” na “tokeni sasa, shikeni njia ya Sake”. Sentensi ya kwanza ina maneno nane, na hakuna hata moja linalotaja njia.